Bakuli la Bi Fathiya

Bakuli lilikuja asubuhi, tupu, limefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichotariziwa pembezoni. Alilileta shangazi wa bibi harusi mwenyewe. Alipanda ngazi zetu akihema, akaliweka juu ya meza, akakataa kahawa kwa kuwa nyumba yenye harusi haikosi shughuli, kisha akashuka huku akiimba kwa sauti ya chini. Mtaani kwetu Mkunazini ndivyo mambo yanavyokwenda: jamaa wa bibi harusi huleta bakuli lao, na fundi wa singo, manukato ya kumsugulia bibi harusi mwilini, hulijaza mpaka lifike kwenye ua lililochorwa ndani ya ukingo. Hulirudisha kabla ya Alasiri, ili ikishaswaliwa Magharibi mwari aanze kusingwa.

Mama alifunua kitambaa, akatazama ndani, akafunika tena.

"Lishakuja," alisema.

Mdogo wangu Salhiya alikuwa amesimama dirishani, simu mkononi, hatazami nje wala hatazami simu. Mimi nilikuwa mezani na karatasi za mitihani za wanafunzi wangu, nikizipanga, nikizipangua na kuzipanga upya, kwa kuwa sikuona kitu kingine ndani ya nyumba ile ambacho mikono yangu ingeweza kukitengeneza. Kando ya bakuli palikuwa na mikebe michache ya bati, myekundu, yenye nembo nzuri ya dhahabu. Ndani ya mikebe hiyo mlikuwa na singo yetu wenyewe. Tulikuwa tumeinunua jana yake, dukani, kwa bei ya watalii.

Ili lieleweke lililotufikisha hapo, yanipasa nirudi nyuma kidogo na niende kwa utaratibu.

Mama yetu, Bi Mwanakhamis, amekuwa akitengeneza singo tangu kabla sijazaliwa. Liwa, ule mti wa kunukia, huisugua juu ya msio aliourithi kwa mama yake, jiwe ambalo kwa kusuguliwa miaka mingi limefanya shimo katikati kama kiganja kinachoomba. Mawaridi na rihani hukaushwa kivulini, maua ya vilua huchumwa mashambani Kidichi kabla jua halijayakausha, karafuu hupondwa, yote hurowekwa kwa marashi, hufukizwa udi, kisha mchanganyiko hulazwa mpaka harufu zake zisahau kwamba zilikuwa mbalimbali. Hakuna njia ya kuuharakisha. Wageni wakiingia kwetu husimama mlangoni na kuvuta pumzi. Sisi wenyewe hatukuwa tukisikia kitu. Tulikulia ndani ya harufu hiyo.

Na hakuwa akigusa msio mpaka apokee arbuni. Nusu ya bei, mkononi, kabla ya kitu chochote. Nusu hiyo ndiyo iliyonunua liwa, vilua na mawaridi; nusu ya pili, bakuli likisharudi limejaa, ndiyo iliyokuwa chakula chetu, ada zetu na kodi ya nyumba. Nilipokuwa msichana nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwamba ndivyo alivyofanya bibi yetu. Hakuwa na maelezo mengine, wala hakuyahitaji. Desturi ilikuwa imezipiga hesabu hizo kwa niaba yake.

Mimi nilikuja kuzijua hesabu hizo kwa majina yake. Nafundisha uhasibu katika chuo kimoja upande wa Tunguu. Salhiya alisoma chuo hichohicho, ila yeye alichukua masoko, na madarasa yao yako ng'ambo ya pili ya ukumbi. Somo la fedha kwao lilikuwa la hiari, na wachache walilihiari. Kwa miaka yote aliyosoma, mdogo wangu alipita mbele ya mlango wangu bila kuingia. Wanafunzi wa pande hizo mbili hawakuwa na mahali pa kukutana isipokuwa kwenye foleni ya urojo.

Sipendi nieleweke kwamba namdharau. Salhiya ana kipaji ambacho mimi sina na sitakuwa nacho. Aliporudi nyumbani na shahada yake aliitazama singo ya mama kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Aliitafutia mkebe, akauchorea nembo, akampiga picha mama akiwa ameinama juu ya msio, mwanga wa dirisha ukimwangukia mabegani, na picha hiyo ikazunguka duniani kwenye simu za watu. Aliweza kumfanya mtu aliyeko mbali atamani harufu ambayo hajawahi kuisikia. Wanawake waliwasiliana nasi kutoka Maskati na Dubai. Kisha ukaja ujumbe kutoka hoteli moja ya Kendwa.

Mnunuzi wao, kijana aitwaye Anuar, alikuja mwenyewe. Mama alitoa vikombe vya kabatini, visheti, na halwa aliyoiagiza makusudi. Anuar alivua viatu mlangoni, akamwamkia shikamoo kwa adabu, akaketi. Alisema wana nyumba ya kukandia wageni, na wageni wamechoka na mafuta ya kutoka nchi zao. Alitaka mikebe mingi kuliko tuliyopata kuuza kwa mwaka mzima. Alikula halwa, akaisifu, akaongezewa. Mwisho akauliza, kwa upole kabisa:

"Na malipo mnapenda yawe vipi? Kawaida yetu sisi ni siku tisini."

"Sie huwa twachukua ar..." mama alianza.

Salhiya akacheka upesi. "Mama na mambo yake ya zamani. Siku tisini hazina neno, kaka Anuar."

Nilimtazama mama, nikingoja amalize neno lake. Macho yake yalikuwa kwenye sahani ya halwa, mahali kidole cha mgeni kilipokuwa kimeacha alama. Hakulimaliza.

Alipoondoka nilimuuliza.

"Keshakula halwa yangu, Ulfat," alisema. "Mtu yumo nyumbani mwako, umemkaribisha, ashakula, kisha umwambie haya nyoosha mkono utoe pesa? Uso wangu ningeuweka wapi?"

"Na hoteli kama ile ukiiomba arbuni," Salhiya aliongeza, "itakuona mchuuzi wa sokoni Darajani."

Mmoja hakuiomba kwa ajili ya mgeni, mwingine kwa ajili ya jina, na wote wawili wakafika palepale. Nilisema niliyoyajua kuyasema: kwamba mikebe hiyo tutaigharimia leo na kulipwa msimu mwingine, kwamba lazima tujue katikati tutaishi kwa nini. Salhiya alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyosikiliza taarifa ya hali ya hewa ya mji asiokwenda.

Oda ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ikawa kubwa zaidi. Ya tatu ikazipita zote mbili. Jioni Salhiya alinionyesha kwenye simu mstari wa mauzo, umenyanyuka kama shingo ya jogoo.

"Tazama, dada. Twapanda."

Nilimshika mkono, nikampeleka darini, lilipo tangi letu la maji. Katika mji wetu maji ya mfereji hayaji kila saa; yakija, unajaza; yakikatika, unaishi kwa ulichojaza.

"Ukifungua bomba moja," nilimwambia, "tangi linatosha mpaka mfereji urudi. Ukifungua yote?"

"Basi tununue tangi kubwa."

"Kwa pesa gani?"

"Za hoteli."

"Zinakuja lini?"

Akanikumbatia huku akicheka. "Wallahi Da Ulfat, wewe ukialikwa harusi huanza kuuliza bei ya mchele."

Nami nilicheka. Ilikuwa kweli, na alilisema vizuri, kama asemavyo vitu vyote. Lakini kwenye ngazi, tukishuka, niliuona ubaya wa jambo lenyewe: tulikuwa ndugu wawili tuliolala kitanda kimoja utotoni, na hatukuwa na neno hata moja la pamoja la kuitia kitu kilichokuwa kikitumaliza. Nikisema mtiririko wa fedha, anasikia woga. Akisema chapa na hadhira, nasikia picha. Kila nilivyoeleza kwa utaratibu zaidi ndivyo nilivyozidi kufanana na mwalimu, na hakuna dada anayetaka mwalimu nyumbani.

Mama hakuuliza. Alisugua; kuchanganya na kujaza mikebe alimwachia Salhiya. Mlio wa liwa juu ya msio ulianza baada ya Alfajiri na haukukoma mpaka Isha. Kadiri alivyosugua zaidi ndivyo kabati la chakula lilivyozidi kuwa jepesi, na hilo hakuweza kulielewa. Siku moja, akijinyoosha mgongo, aliniuliza kwa sauti ya mtu aliyepotelewa na kitu: "Kwani sie hatuuzi?"

"Twauza, mama."

"Basi mbona mchele nakopa?"

Nikamweleza. Aliitikia kwa kichwa kila nilipotua, na nilipomaliza akasema, "Mungu atajaalia," akarudi kwenye jiwe lake.

Ndipo Bi Fathiya alipokuja na arbuni ya harusi ya binti yake, Shahida. Bi Fathiya ni jirani yetu wa nyumba ya tatu. Yeye na mama walipelekwa chuoni kusoma Kurani pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, na Shahida alizaliwa mikononi mwa mama usiku ambao mkunga alichelewa. Alizitoa noti kwenye ncha ya kanga yake, akaziweka kiganjani mwa mama, wakashikana mikono juu yake kwa muda mrefu kuliko biashara inavyohitaji.

Wiki hiyohiyo Kendwa waliongeza oda kwa ajili ya msimu wa wageni. Salhiya aliichukua arbuni ya Shahida, akanunua liwa ya hoteli.

"Naazima tu," alimwambia mama. "Pesa za hoteli zaja kabla ya harusi. Nshahesabu."

Alikuwa amehesabu kweli. Alihesabu siku tisini tangu mzigo ulipopakuliwa kwenye gari. Hakujua, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kuuliza, kwamba ofisi ya hesabu ya hoteli huzihesabu kuanzia mwisho wa mwezi ambao hati ya madai imepokelewa. Tofauti hiyo ndogo, ambayo mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angeulizwa kwenye mtihani, ilikuwa na upana wa harusi nzima.

Nilijua haya zikiwa zimebaki siku mbili bakuli lije. Salhiya aliniambia jikoni, amesimama, amekunja mikono kifuani kama anayesikia baridi. Nilikwenda Darajani kwa Abdulwahid, muuza liwa na udi aliyekuwa akimuuzia mama tangu enzi za baba yake.

"Abdulwahid."

"Naam, Mwalimu. Karibu." Alikuwa anajua nilichokuja nacho, akaniwahi. "Bi Mwanakhamis namheshimu kama mama yangu. Lakini nshamkopesha mara mbili, na liwa hii nami naileta kwa taslimu."

Nikamwambia sikuja kukopa. Nikaweka akiba yangu juu ya meza yake. Alinipimia, akaongeza kipande juu yake, na wema ule ulinichoma kuliko kama angalikataa. Nikarudi nyumbani na liwa. Mama aliipokea, akainusa, akaiweka chini.

"Nzuri," alisema. "Na mawaridi yatakauka lini, mwanangu? Itarowekwa lini? Italala lini?"

Pesa ilikuwa imefika. Muda haukufika nayo.

Salhiya ndiye aliyesema twende Kendwa. Singo yetu imejaa kule, alisema. Tukaombe mikebe kumi irudi, tutawalipa kwa oda ijayo. Tukaazima gari ya mwalimu mwenzangu, tukaenda, mashamba ya minazi yakipita pande zote mbili. Anuar alitupokea vizuri. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaona aibu kwa niaba yetu. Alisema mzigo ukishaingia ghalani ni mali ya hoteli na yeye hana amri ya kuutoa. Kuhusu malipo, alikwenda mwenyewe kuuliza ofisi ya hesabu, akarudi na tarehe. Ilikuwa tarehe sahihi kabisa kwa mujibu wa mkataba. Hakuna mtu aliyekuwa ametudhulumu.

Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nalisikia kwa sauti yake ileile, ya upole, bila lawama yoyote ndani yake:

"Lakini dada zangu, si mngeniambia tu? Wavuvi wetu nawapa nusu kabla. Wauza mboga nawapa nusu kabla. Wote huomba. Nyie hamkuomba, nikadhani mnajiweza."

Salhiya aliinamisha kichwa. Nikautafuta mkono wake, nikaukuta baridi.

Tulipokuwa tukitoka tulipita kwenye duka la hoteli. Mikebe ilikuwa imepangwa nyuma ya kioo, taa zikiimulika, na juu yake picha ya mama akiwa ameinama juu ya msio. Bei yake ilikuwa mara tatu ya tuliyowauzia. Salhiya alisimama mbele ya kioo kile, na nikaona usoni mwake fahari ikipambana na kitu kingine, na fahari ikishindwa. Tulinunua mikebe kwa kiasi nilichobakiwa nacho. Muuzaji akatuuliza kama tungependa itiwe kwenye mfuko wa zawadi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile: bakuli, na mikebe kando yake.

Mama alifungua mkebe mmoja. Alichukua kidogo kwa ncha za vidole, akasugua mgongoni mwa mkono wake, akanusa. Akanusa tena.

"Mlitoa nini humu?"

"Vilua," alisema Salhiya, "na karafuu nikapunguza. Wageni ngozi zao hazistahamili, mama. Nlikwambia wakati ule."

"Uliniambia." Mama aliufunika mkebe. "Hii picha ya singo."

"Tutaongeza marashi, tutaifukiza. Nani atajua, mama? Wallahi hakuna atakayejua."

"Mtoto wa watu nimsinge picha?"

Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa afadhali. Salhiya alikaa chini palepale dirishani, akafunika uso kwa mtandio. Adhana ya Adhuhuri ilitoka msikiti wa karibu, kisha wa mbali, na sisi watatu tukakaa kuizingira meza kama watu wanaokesha na mgonjwa ambaye daktari keshaondoka. Nilikuwa na shahada mbili katika fani iliyohusika. Ningeweza kusimama mbele ya watu mia na kuueleza ugonjwa wenyewe, chanzo chake na hatua zake, kwa mpangilio usio na kasoro. Bakuli lilibaki tupu.

Baada ya kuswali mama akaniita.

"Ulfat, una arbuni ya watu?"

Nilikuwa nimekopa chuoni, nikijua ataniuliza. Nikampa. Alizinyoosha noti moja moja, akaziweka ndani ya bakuli, chini kabisa, akalifunika kwa kile kitambaa cheupe na kukipanga pembe zake. Akavaa buibui. Nilitaka kumfuata.

"Kaa," alisema.

Tulimtazama kutoka dirishani, Salhiya nami, bega kwa bega. Alipita uchochoroni polepole, amelibeba bakuli kwa mikono miwili, kifuani, kama alivyolibeba kila mara lilipokuwa limejaa. Waliokuwa wamekaa barazani walikunja miguu kumpisha. Na mwanamke mmoja wa nyumba ya pili, aliyekuwa akianika nguo, aliliona bakuli lililofunikwa, akaelewa alivyoelewa siku zote, akapiga kigelegele.

Mama hakugeuka. Aliinua kichwa kidogo, kama mtu anayeitikia salamu, akaingia kwa Bi Fathiya.

Alirudi kabla ya Alasiri. "Wamenikaribisha," alisema. "Wamenipa soda." Mengine hatukuyajua wala hatukuuliza. Shahida alisingwa kwa singo iliyotafutwa upesi kwa fundi mwingine upande wa pili wa mji, na harusi ilikuwa nzuri, na tulialikwa, na tulikwenda. Bi Fathiya hutusalimia mpaka leo kwa adabu kamili. Zamani alikuwa hapigi hodi.

Malipo ya hoteli yaliingia baada ya harusi, tarehe ileile aliyotutajia Anuar. Simu ya Salhiya ililia mchana, mama akiwa kwenye mkeka anachagua mchele.

"Zishakuja," Salhiya alisema.

"Nyingi?"

"Nyingi, mama. Hatujapata kuziona hizi."

"Alhamdulillahi." Vidole vyake viliendelea kutafuta changarawe.

Salhiya alikaa kitako mbele yangu. Alikuwa na ujumbe mwingine wa Kendwa, wa oda mpya. Aliutazama kwa muda, kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo hajapata kunisemesha nayo, kana kwamba amesimama kwenye mlango wa darasa langu na hajui kama anaruhusiwa kuingia:

"Dada, nikiwaomba arbuni, niseme nusu?"

"Sema nusu."

Aliandika. Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini. *Haina tabu dada, tutatuma kesho.* Alinionyesha. Nikasoma, nikamrudishia. Hakuna kati yetu aliyeweza kumtazama mwenzake.

Msio ulikuwa umesimamishwa ukutani, mkavu. Tangu harusi ile hakuna bakuli lililopanda ngazi zetu. Mama aliacha mchele, akainua uso, akavuta pumzi taratibu, mara moja, kisha tena, kama afanyavyo mgeni anapoingia kwa mara ya kwanza.

"Nyumba ishaanza kunuka nyumba," alisema. "Hebu fungueni dirisha."